Zamu Yako Haijafutwa

Mama,

Leo ni Jumapili, na hii ndiyo saa ya barua. Tumeketi bwaloni, vichwa vimeinama, kalamu zinakwaruza karatasi kama kuku wanaochakura. Kila msichana anaandika kwao. Mimi nimeitazama karatasi yangu muda mrefu, kwa sababu Baba hajui kusoma, mdogo wangu Enosi ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na nyumbani kwetu msomaji ulikuwa wewe. Nimeona basi nikuandikie wewe. Mwalimu Loisi alipita nyuma yangu akaliona neno la kwanza. Alirudi baadaye akaniwekea karatasi nyingine mbili kando ya kiwiko.

Nimechoka, Mama. Sijui kama msichana wa umri wangu anaruhusiwa kusema hivyo. Ulikuwa ukisema, "Uchovu si ugonjwa, keti kidogo utapita." Nimeketi. Haujapita.

Nianze na habari za nyumbani kama ulivyonifundisha, kwanza wagonjwa, halafu mvua, halafu watu. Enosi amepona kikohozi. Mvua imezidi, na njia ya kutoka laini, kwenye nyumba zetu wafanyakazi, kwenda mashamba ya juu imekuwa tope tupu. Baba bado anaamka kabla ya kengele, anaketi ukingoni mwa kitanda, anavaa kiatu kimoja kisha anakaa tu nacho. Kikombe chako cha bati, kile cha buluu, amekitundika kwenye msumari juu ya meko, na hataki mtu akinywee. Kwa Mama Wanjiru bado pamefungwa. Tangu lori za askari zilipowachukua hakuna aliyeingia nyumba ile, lakini Mama Atieno hupafagia mlangoni kana kwamba wanarudi jioni.

Na wewe. Habari yako niliipata hapa shuleni. Nilipanda treni siku ileile, lakini maji yalikuwa yamekula tuta la reli kabla ya Njoro, tukangoja pale na mvua inapiga mabati ya behewa. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kukuzika. Udongo ulikuwa umeanza kukauka juu. Waliniambia ni kichomi, kwamba kilikuanza shambani kwenye umande, na kwamba ulimaliza mstari wako kwanza ndipo ukaketi. Sikushangaa. Ninakujua.

Tangu siku ile kila nikiliona ziwa la hapa karibu na shule ninakukumbuka ulivyonileta hapa mara ya kwanza. Tulilala Bondeni kwa binamu yako, na asubuhi tukapita mahali ambapo ziwa linaonekana lote, na ndege heroe wamejaa ukingoni mpaka maji yamekuwa mekundu. Nilifikiri utasema ni pazuri. Ulisimama, kifurushi changu kichwani, ukatazama sana, kisha ukasema, "Yesu wangu. Nani atayachuma hayo yote?" Nilicheka mpaka watu wakageuka. Siku hizi wenzangu wakisifia ziwa, mimi huona shamba la maua ya pareto lisilo na mwisho, na wewe unatafuta kikapu.

Lakini jambo lililonifanya nikuandikie ni Mama Kofia. Amerudi, Mama. Na yametokea mambo ambayo ulipaswa kuyaona kwa macho yako.

Unamkumbuka alipokuja mara ya kwanza? Aliteremka kwenye gari la bwana mkubwa mwenye shamba, mwembamba, pua nyekundu kwa baridi ya Molo. Alikuwa ametumwa na Kamati ya wanawake wa ng'ambo waliosikia kwamba watoto wa mashamba ya huku juu wanapata taabu. Kiswahili alikuwa amefundishwa na wenye mashamba. Akasimama mbele ya nyumba zetu, akatutazama kwa huruma ya kweli, hilo sikatai, akasema, "Nyinyi mama nataka nini?"

Watu wakatazama chini.

"Sema tu! Nyinyi nataka nini?"

Mama Chebet akajibu kwa niaba ya wote, "Hapana taka kitu, memsabu."

Akasikitika, akapanda gari, akaenda. Jioni mlicheka mpaka Mama Atieno akashika mbavu, lakini mimi nilikasirika. Nilikuuliza kwa nini hamkusema, na kila siku mnalia kuhusu watoto. Ulikuwa unakoroga uji. Ukaniuliza, "Jerusa, maneno yale tunayasikia wapi?"

Nikasema, kwenye dirisha la ofisi.

"Na jibu lake pale ni lipi?"

Nikasema, hakuna kitu, bwana.

"Basi. Ukijibu vingine unaulizwa mbona hauko kazini."

Kwa kuwa hatukutaka kitu, walituletea kofia. Sanduku zima, za sufu, nyekundu, kila moja na kishada juu. Ng'ambo walidhani watoto wetu wana vichwa vya ukubwa wa limau. Mama Atieno alijaribu kwa Atieno, kwa mdogo wake, kwa mtoto wa jirani, mwishowe akaivika birika. "Huyu angalau hatalia masikio yakimbana." Mama Chebet akasema tumvishe jogoo ili aende kanisani kwa heshima. Ndipo yule mgeni akapata jina. Lakini wewe uliichukua moja, ukailoweka, ukaivuta juu ya kibuyu usiku kucha mpaka ikamwenea Enosi. Ukaniambia, "Kuna mtu aliketi kwake akafuma hii. Vidole vyake vimechoka kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Cheka, lakini usicheke sana."

Mama Kofia aliporudi mara ya pili hukumwacha asimame. Ulimletea kigoda ukampa uji wa wimbi ndani ya kikombe chako cha buluu. Aliutazama uji, akanitazama mimi, akaunywa. Alikunja uso kwa ule uchachu, lakini alimaliza. Ndipo ukaniita nitafsiri, na ulisema maneno ambayo sijayasahau: "Mwambie hivi. Mtu ukimwuliza anataka nini, unamweka mlangoni. Mwulize anafanya nini, utakuwa umeingia ndani." Nilitafsiri kadiri Kiingereza changu kilivyoniwezesha. Alitabasamu tu. Sikujua kama yameingia. Baadaye ni yeye aliyekwenda kuniombea nafasi katika shule hii, akisema mtoto anayetafsiri namna ile asiachwe shambani. Kwa hiyo nilipoondoka nyumbani niliondoka kwa mkono wake, na hilo ulikumbuke kwa sababu linakuja mbele.

Sasa nataka kuiandika zamu kama ilivyo. Unaijua kuliko mimi, lakini siku hizi ni mimi ninayewaeleza wasioijua, na ningependa uone kama sikosei.

Mtoto hawezi kuwa mgongoni wakati wa kuchuma pareto. Maua yale yanamwasha ngozi, yanamvimbisha macho, na umande unamlowesha mpaka kifuani. Na mama asiyechuma hana cha kupeleka kwenye mizani ili alipwe. Kwa hiyo wanawake wa laini zetu walipanga zamu. Kila siku mmoja anabaki na watoto wote kwenye kibanda cha nyasi mwisho wa shamba, na wengine wanachuma. Mama mwenye mtoto wa kunyonya anapitia hapo katikati ya kazi, ananyonyesha, anarudi kwenye mstari. Jioni, kabla ya kwenda kwenye mizani, kila mchumaji anajaza kikombe chake maua na kummwagia aliyebaki, ili naye asifike mikono mitupu. Mluhya anamwagia Mjaluo, Mkipsigis anamwagia Mkikuyu. Hakuna aliyewafundisha. Bwana mkubwa hajui hata leo. Na sheria ya zamu ni moja tu. Uliisema wewe mwenyewe siku Mama Wanjiru alipoona haya kupokea kwa sababu mtoto mmoja alianguka akaumia mikononi mwake: kikombe hakikataliwi. Anayekataa kikombe amejitoa kwenye zamu, maana kesho hatakuwa na uso wa kumwachia mwenzake mtoto.

Kibanda kilikuwa kinavuja. Hilo ndilo lililokuwa likiwaliza. Kilihitaji paa, ukuta wa kuzuia upepo, na meko isiyojaza moshi. Basi.

Likizo hii iliyopita Mama Kofia alikuja na mchoro. Kamati ilikuwa imekubali kujenga Nyumba ya Watoto. Wanawake waliposikia tu jina walipiga vigelegele. Kisha akatandaza karatasi kwenye meza ya kanisa na kueleza, nami nikitafsiri, na vigelegele vikawa vinazimika kimoja kimoja. Nyumba ingejengwa chini kabisa, kando ya barabara kubwa karibu na lango, ili wageni wa Kamati waione bila kupita kwenye matope. Angeletwa yaya kutoka mjini mwenye aproni nyeupe. Mama angempeleka mtoto asubuhi na kumchukua jioni, na katikati asiingie, kwa sababu mtoto akimwona mamaye hulia.

Wewe unajua ni umbali gani kutoka lango hadi mashamba ya juu. Kushuka bonde na kulipanda tena. Mtoto wa Mama Chebet hajaota jino. Angenyonya nini mpaka jioni?

Lakini hakuna aliyesema. Mmoja baada ya mwingine wakainuka: "Asante, memsabu." "Asante sana, memsabu." Kama watu kwenye mstari wa mizani. Nyapara Barasa alikuwa amesimama mlangoni, na kabla ya mkutano alikuwa amewaonya, "Semeni asante mwende. Mzungu habembelezwi kutoa." Hata Baba aliniambia asubuhi ile, kwa upole, "Mwanangu, usimtukane mamba na mto hujauvuka. Huyu ndiye aliyekupeleka shule. Nyumba ni nyumba."

Mama Kofia akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza kama wamefurahi.

Nilikuwa nimekalia benchi ulilokuwa ukikalia wewe. Wanawake ndio walionisukumia hapo, wakisema wewe ulikuwa mdomo wao na mimi nimetoka tumboni mwako. Nikafikiria kitanda changu bwenini. Nikafikiria vitabu vyangu nilivyovijalidi kwa karatasi ya sukari. Nikifungua mdomo, labda sitaviona tena. Ndipo mtoto wa Mama Chebet akaanza kulia mgongoni, naye akamzungusha mbele akampa titi, bila kelele, huku bado ametabasamu kwa adabu kumwelekea mgeni.

Nikasema kwa Kiingereza, "Wamesema asante. Hawajasema wamefurahi."

Akaniuliza tofauti ni nini.

Nikamwambia maneno yako, ya mlangoni na ya ndani. Neno kwa neno, Mama, na safari hii Kiingereza changu kilikuwa kimekua. Barasa alikohoa mlangoni, kile kikohozi chake cha kuonya. Mvua ikaanza juu ya paa. Uso wa Mama Kofia ukawa mwekundu kuliko kofia zake. Akaukunja mchoro mara moja, mara ya pili, akauweka pembeni. Kisha akawageukia wanawake na kile Kiswahili chake kilichovunjika.

"Nyinyi mama... nafanya nini?"

Walitazamana. Mama Chebet akasema, "Tunanyonyesha, memsabu. Huoni?"

Kicheko kilitoka, cha kwanza tangu uzikwe. Mama Atieno akapangusa machozi kwa upindo wa leso, akamwambia, "Sasa umeingia. Kesho njoo shambani uone. Na uvae viatu vya maana, si hivyo vya kuendea harusi."

Alikuja. Kengele ilimkuta amekwisha kufika, na koti la mvua refu mpaka miguuni. Nilimpa kikombe chako, nilichokuwa nimekitoa kwenye msumari baada ya kumwomba Baba. Baba akasema, "Asikipoteze." Hilo tu.

Kuchuma hakujui hata kidogo. Alikuwa akinyofoa ua pamoja na kijiti chake na majani. Mama Atieno alimtazama, akasema, "Memsabu, ng'ombe ndio wanaochuma hivyo." Akanitazama. "Tafsiri." Nilitafsiri. Mama Kofia akacheka, akasema kwao baba yake alikuwa na ng'ombe na kweli walikuwa hodari kumzidi. Hapo hata Mama Chebet, ambaye ni mgumu kumpenda mtu, akamshika mkono na kumwonyesha jinsi kichwa cha ua kinavyokaa katikati ya vidole na kukatika chenyewe. Jioni walipoanza kummwagia aliyekuwa amebaki na watoto, aliuliza hiyo ni nini. Nikamweleza. Akajaza kikombe chako kutoka kwenye kikapu chake kidogo, ambacho nusu yake ilikuwa vijiti, akamwaga.

Sasa sikiliza, Mama.

Kesho yake ilikuwa siku yako.

Hatukukufuta. Kila siku yako ikifika, mtu huuliza kwa mazoea, "Leo ya nani?" na hakuna anayejibu, na kila mwanamke anambeba wake mgongoni siku hiyo, awashwe asiwashwe. Nilikuwa sijui mpaka likizo hii. Waliona haya kuigawa zamu yako kama watu wanaogawana nguo za marehemu. Mama Kofia akaona kibanda kitupu na watoto migongoni, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia. Ilinichukua muda kumaliza kusema.

Akaniomba niwaulize kama yeye anaweza kuishika siku hiyo moja.

Mama Atieno alimkagua kutoka viatu hadi nywele. "Anajua kubeba mgongoni?"

"Hajui," nikasema.

"Basi atabeba mbele, kama gunia."

Walipoachwa naye, watoto walilia kwa sababu ya ile pua. Enosi alilia zaidi ya wote kisha, kama kawaida yake, akawa wa kwanza kumzoea, akamshika kidole hakumwachia. Nilipopita katikati ya kazi kuwatazama, Mama Kofia alikuwa ameketi chini kwenye nyasi mbichi na watoto wamemlalia kila upande kama vifaranga, maji yanadondoka kutoka paani yakimwingia kolani, na hathubutu kusogea. Mama Chebet akatokea kwenye mistari, akanyonyesha, akarudi. Akatokea mwingine. Mama Kofia aliwafuata kwa macho. Akaniuliza kutoka hapa hadi lango ni umbali gani. Nikamwambia ajaribu kwenda mwenyewe. Akasema hapana haja, ameelewa.

Jioni wanawake wakaja na vikombe vyao. Mama Atieno alipokuwa wa kwanza kunyoosha mkono kumimina maua kwenye kikapu kitupu, Mama Kofia aliruka nyuma. Akatikisa mikono yote miwili. "Hapana, hapana! Mimi hapana taka kitu!"

Watu walisimama hivyohivyo na vikombe hewani. Nilijua kila mmoja amekumbuka siku ya kwanza, na nilijua hakuna atakayecheka.

Mama Atieno hakurudisha kikombe chake. Akaongea polepole, kama anayesema na mtoto mpendwa. "Jerusa, mwambie huyu mama. Anayekataa kikombe amejitoa kwenye zamu. Sisi tumemwachia watoto wetu leo. Kama amejitoa, aseme, tuchukue watoto, na nyumba yake akaijenge kule barabarani na yaya wake wa aproni."

Nilitafsiri. Sikupunguza kitu.

Alisimama pale, Mama, mikono inaning'inia. Macho yalimjaa. Nadhani maishani mwake hakuwahi kupewa kitu na watu kama sisi. Kisha akainama, akakiokota kikapu, akakishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, nao wakapita mmoja mmoja wakimimina. Mara hii alisema asante yeye, kila kikombe, na sauti ilikuwa ileile ya kwetu ya siku ya mkutano, ya mtu asiyejua aweke wapi macho.

Kilichofuata ungekipenda. Zamu haiishii kwenye kikombe. Lazima uende kwenye mizani. Alisimama kwenye mstari pamoja nasi, koti limejaa matope, leso ya Mama Atieno kichwani kwa ajili ya mvua. Zamu yake ilipofika dirishani, karani alikuwa ameinamia kazi yake. Akasema, bila kuinua kichwa, "Wewe nataka nini?"

Sisi nyuma tulikufa kwa kicheko. Mama Chebet alijiziba mdomo kwa kikapu. Karani alipoinua macho, kalamu ilimdondoka. Lakini Mama Kofia hakucheka. Aligeuka akanitafuta kwenye mstari, akaniangalia, halafu akarudisha uso dirishani na kusema taratibu, "Nimeleta maua." Kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Nisikudanganye kwamba mambo yameisha vizuri. Aliandika kwa Kamati siku ileile kwamba nyumba iwe juu, pale kilipo kibanda, na kwamba itunzwe kwa zamu, bila yaya. Kamati imejibu kwamba italifikiria. Wengine kule wanauliza wageni wataifikiaje. Mama Kofia alikuja akatusomea jibu lote, hata pale panapotusema vibaya, akasema hajui watakubali nini na hatatuahidi. Mama Atieno alisema, "Huyu sasa anasema kama mtu wa nyumbani. Anatuletea habari mbaya mapema." Wanaume hawakungoja. Baba na wenzake walishaomba ruhusa na kukata nguzo za mtarakwa, na siku niliyopanda treni kurudi shuleni nguzo zilikuwa zimesimama kuzunguka kibanda, bila ukuta, bila paa. Kwa mbali zinafanana na watu waliosimama wakingoja kitu. Baba alizichimbia mashimo yote mwenyewe. Asubuhi ile alivaa viatu vyote viwili kwa wakati mmoja, akaniambia, "Mama yako angesema nguzo ile ya kona imepinda." Imepinda kweli.

Na kitanda changu nilikikuta. Nilifika langoni hapa nikiwa sijui kama jina langu bado lipo. Lilikuwepo. Mama Kofia hakuligusa. Labda kwa wengine ni jambo dogo, lakini usiku ule nililala kwa mara ya kwanza bila kukuota unachuma.

Bado nimechoka. Nadhani si uchovu wangu peke yangu, ni wako ulioniachia, kama leso yako ya kubebea mtoto mgongoni. Mwalimu Loisi anasema nisome kwa bidii nije niwe mtu wa kuwasaidia watu wetu. Nilimjibu ndiyo, Mwalimu. Lakini moyoni nilijiuliza siku hiyo ikifika nitaketi upande gani wa meza, na kama nitakumbuka kukubali uji.

Kengele ya saa ya barua inakaribia kulia. Karatasi zimeisha, na sina mahali pa kuipeleka hii. Likizo ikija nitaisoma kwa sauti pale kaburini, polepole, kama ulivyokuwa ukisoma wewe na kidole chini ya kila neno.

Kuhusu zamu usiwe na wasiwasi. Wakati niko shuleni Mama Kofia ameomba aishike kila siku yako awapo Molo, na wanawake wamekubali, ila Mama Atieno amesema ajifunze kubeba mgongoni. Wakati wa likizo itakuwa yangu. Na siku nitakapokuwa mtu mzima nikatumwa kwenye nyumba za watu nisiowajua, nakuahidi sitasimama mlangoni kuwauliza wanataka nini. Nitaomba kigoda. Nitauliza wanafanya nini, na wakinimiminia kikombe nitakipokea, hata nikiona haya, hata kikiwa kimejaa vijiti.

Pumzika sasa, Mama. Umande wa kesho si wako tena. Ni wetu.

Binti yako,
Jerusa